Nafasi moja tupu kwenye jedwali la R, na siku mjomba wangu alipohesabu ng'ombe wake

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kisukuma. Kama unasoma jioni ipokee hivyo hivyo, salamu haiozi.

Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina ya watu ili nikienda kijijini Zagayu niendelee kupewa ugali. Majina ya ng'ombe sijabadilisha, wao hawana simu.

Kwanza mnijue. Kuna watu wamezaliwa kutembea, mimi nimezaliwa kukaa. Nilipomaliza form four wenzangu walikwenda Mwanza, wengine Dar. Mimi nilikwenda sebuleni kwa mama yangu, hapa hapa Bariadi, na naweza kusema nimefika.

Cheti ninacho. Division msiniulize, huu uzi ni wa huzuni ya kutosha.

Binamu yangu mmoja alipomaliza chuo aliniachia kompyuta ya mezani, ile ya zamani yenye kisogo kirefu, pamoja na CD iliyokuwa na R. Kwa mgeni wa mambo haya, R ni lugha ya takwimu. Unaipa jedwali, safu hii majina, safu ile idadi, halafu unaiuliza maswali.

Mimi nilianza na mayai ya kuku wa mayu, yaani mama. Kila siku naingiza, nachora grafu.

Akapita na ungo wake, akaangalia kioo. "Hiyo mistari inaongeza mayai?"

"Haiongezi, mayu. Inaonyesha."

"Mimi nikiinama chini ya kitanda wanakotagia huwa nayaona pia."

Basi nikaona R peke yake haitanipa heshima humu ndani. Nikaanza kujifunza na C. Hii ni lugha ya wanaume wenye hasira: unaandika, una-compile, inageuka kuwa kitu ambacho kompyuta inakitafuna bila kuuliza. R ni kama karani anayekuuliza "una uhakika?" C haina muda huo.

Sasa turudi kwenye enzi zenyewe. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, tulikuwa Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeshaingia mpaka jikoni. Pamba ilinunuliwa na kila mwenye mizani na turubai, na msimu ukifika malori yalikuwa yanakimbizana kijijini kama watu wa posa. Majosho ya ng'ombe ya serikali yalikuwa yamekauka. Mganga wa mifugo aliyekuwa anakuja kwa gari la idara sasa alikuwa na duka lake, friji yake na pikipiki yake.

Wa kwetu nitamwita Daktari Shija. Mtu mzuri, mwenye haraka.

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa inatembea. Ukisikia iko kata ya jirani, unaanza kusikiliza zizi lako likikohoa hata kama halikohoi. Wafugaji wa vijiji kadhaa wakajiunga, Daktari akakubali kuwaletea chanjo kutoka Mwanza.

Shida ya ile chanjo ni moja. Inakuja kwenye chupa ikiwa kavu, na ukishaichanganya na maji yake haingoji. Unachanja siku hiyo hiyo au unamwaga. Kwa hiyo Daktari alitaka kujua mapema kila kijiji kina ng'ombe wangapi ili apeleke chupa za kutosha, zisibaki na zisipungue.

Alikuwa na programu ndogo ya C aliyoandikiwa na shemeji yake. Inajumlisha ng'ombe kwa kijiji, inagawa kwa chupa. Lakini majedwali yake mimi ndiye niliyekuwa nayaingiza kwenye R. Akaja sebuleni.

"Wewe kijana wa ndani, huwezi kuviunganisha hivi vitu vikaongea?"

Wakuu, hakuna aliyewahi kuniuliza swali tamu kama hilo. Nikasema ndani ya wiki. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Sasa hapa naomba uvumilivu kidogo, ndipo penye uzi.

Ukitaka kuvusha jedwali kutoka R kwenda kwenye code iliyo-compiliwa, kwa njia niliyotumia mimi, jedwali halivuki zima. Unalivunja safu safu. Majina ya safu yanabaki ng'ambo hii. Majina ya kaya yanabaki. Kinachovuka ni namba tupu, zimepangwa foleni, na C inazipokea bila kujua kama ni ng'ombe au mayai.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukijua. Kwenye R, pale ambapo hujui thamani, panaandikwa NA. Siyo sifuri. Sifuri ina maana hana ng'ombe. NA ina maana hatujui. R inaiheshimu sana hiyo tofauti.

Jedwali langu la vijiji vyote lilikuwa na NA moja tu. Ya mjomba wangu, Maduhu, kaka yake mama, wa Zagayu.

Mjomba Maduhu hakuwa amesahau. Watu wa Daktari walipopita kwake kuuliza idadi, aliwaambia, "Andikeni ninao." Wakamwambia wangapi. Akasema, "Wa kutosha kunywesha watoto na kuozesha mtoto wa dada yangu akitoka sebuleni."

Huyo mtoto wa dada ni mimi. Asante mjomba.

Kwao wazee wa namna yake ng'ombe hahesabiwi kwa kidole. Wengi walikuwa wameshaacha, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, lakini hilo moja hakuliacha. Alikuwa ananiambia, "Ukimnyooshea ng'ombe kidole umemwonyesha mlango wa kutokea."

Wala hakuhitaji kuhesabu. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, yeye ameegemea mti wa lango anakoroga ugoro, halafu bila kugeuka anasema, "Shemeji hayupo." Na kweli Shemeji hayupo, yuko kwenye mahindi ya watu. Shemeji alikuwa jike lililotokana na mahari ya mama yangu mdogo. Alikuwepo Karani, dume la kulimia lisilopinda mstari. Alikuwepo Turubai, aliyenunuliwa mwaka pamba ilipopata bei. Kila mmoja jina lake ni hadithi ya jinsi alivyofika.

Haya. Nikaandika daraja langu, nikaita C kutoka R. R ikakataa. Ikatoa error: kuna NA kwenye hiki unachotaka kuvusha, sipeleki.

Wakuu, ile haikuwa hitilafu. Ile ilikuwa R imesimama mlangoni imenyoosha mikono.

Mimi nikaenda internet café, nikatafuta jinsi ya kuiondoa error. Nikapata mtu huko duniani amejibu: ongeza maneno haya, NAOK = TRUE. Maana yake kwa Kiswahili cha sebuleni: "Najua kuna kitu hakijulikani, wewe pitisha tu."

Nikaongeza. Error ikaisha. Nikala chapati mbili za furaha.

Kumbe R, kwenye tumbo lake, ile "sijui" ya namba nzima inaiandika kama namba ndogo kuliko zote zinazoenea kwenye kisanduku chake. Kasoro bilioni mbili na ushei, yaani chini ya sifuri. R ikiiona inajua hapo ni "sijui". C ikiiona inaona namba kama namba zingine, na inajumlisha.

Mimi karatasi ya majibu sikuisoma. Nani anasoma majibu ya kazi yake mwenyewe? Niliichapisha, nikampa Daktari, naye akaikunja mfukoni. Akaniambia twende wote Zagayu, kwenye mkutano wa kutangaza mgawo, nikaone matunda. Nikapandishwa pikipiki. Mwili wangu ulishangaa.

Watu walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa josho lililokauka. Mjomba yupo. Nkwabi yupo. Nkwabi ni mtani wa kila mtu, ukiwa na msiba yeye ndiye anakuchekesha mpaka unamchukia.

Daktari akafungua karatasi, akasoma vijiji vingine vizuri. Akafika.

"Zagayu." Akasita. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kasoro... bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba..."



Nkwabi akasimama taratibu. "Daktari, yaani sisi tunadaiwa ng'ombe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa."

"Jamani, nani ameazima ng'ombe bilioni mbili hapa kijijini? Ajitokeze arudishe, hatutamfanya kitu."

"Ni mahari!" mama mmoja akadakia. "Kuna mtoto wetu ameoa malaika."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilitafuta pa kukaa nikakosa, na mnajua kukaa ndiyo kazi yangu.

Daktari hakucheka. Akanivuta kando, lakini sauti yake ilikuwa ya watu wote. "Hapa chupa zimeandikwa sifuri. Kesho natuma oda Mwanza. Nikishatuma nimetuma, hawafungui kifurushi mara mbili. Zagayu ninaipa nini?"

Kicheko kikakatika. Homa ilikuwa kata ya jirani, wakuu. Wale watu hawakuwa na kitu kingine cha kuegemea zaidi ya wale ng'ombe.

Nikaomba jedwali la mwanzo, nikalipitisha macho. Kaya zote namba, kaya moja tupu. Nikajua imetokea hapo, hata kama sikujua imetokeaje. Nikasema, "Kuna kaya moja haina idadi."

Sikutaja jina. Lakini Zagayu nzima iligeuka ikamwangalia mjomba.

"Maduhu," Nkwabi akasema, na safari hii hakuwa anatania, "wataje basi, tupate chanjo."

Mjomba akageuka. Aliniangalia mimi. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Mpwa wangu. Hiyo mashine yako haiwezi kukaa na kitu isichokijua?"

Nikamjibu, "Haiwezi, mjomba."

Nilijibu haraka. Nilijibu kwa sauti ya mtaalamu. Watu walikuwa wamenicheka, nikataka kuonekana najua.

Mjomba akaweka kibuyu chake cha ugoro mfukoni. Akasema, "Basi asichekwe mtoto wa dada yangu." Akaondoka kuelekea kwake, zizi lilikuwa linaonekana kutoka pale. Siku hiyo mifugo haikuwa imetoka, Daktari alikuwa ameomba aikague. Tukamfuata. 

Akasimama langoni. Akainua mkono. Kidole hakukinyoosha kabisa, alikikunja kidogo, kama mtu anayebisha hodi hewani.

Na alihesabu kwa Kiswahili.

Mjomba wangu nyumbani ni Kisukuma tupu, Kiswahili chake ni cha mnadani. Siku ile alihesabu kwa Kiswahili cha taratibu, moja, mbili, tatu. Baadaye mama aliniambia sababu. Alidhani labda kwa lugha ya ofisini ng'ombe hawataelewa kuwa wanahesabiwa.

Alipomaliza hakugeuka. "Ishirini na nane. Andika."

Nikaandika. Na niseme ukweli, moyoni nilikuwa nafurahi. Niliona tatizo limetatuliwa. Nilirudi Bariadi, nikaingiza ishirini na nane, programu ikatoa jumla safi, chupa zikaagizwa, chanjo ikafika na barafu yake. Homa ilipita pembeni mwa Zagayu kama mvua inayokwenda kwa wengine. Hakuna zizi lililofungwa.

Daktari alinisifia dukani kwake mbele ya wateja. Mama akaniruhusu kuweka kompyuta karibu na dirisha.

Ingekuwa imeishia hapo ningekuwa naandika uzi wa kujisifu.

Msimu uliofuata mvua ilinishika internet café, nikawa nasoma tu mwongozo wa R kupoteza muda. Nikafika kwenye yale maneno niliyoyabandika bila kuyaelewa. Nikaendelea kusoma, na chini yake nikakuta inavyofanyika. Kwenye C unaandika mstari mmoja:

if (ngombe[i] == NA_INTEGER) continue;

Basi. Ukikutana na "sijui", iruke, endelea na wengine. Au hata kabla ya kuvusha, huku huku kwenye R, unamweka pembeni asiyejulikana, halafu mwishoni unasema kijiji kina jumla hii na kaya moja isiyojulikana. Mstari mmoja, wakuu. Ni mfupi kuliko jina langu kwenye cheti.

(Na hapo nikagundua balaa lingine: wangekuwa wazee wawili kwenye kijiji kimoja waliokataa kuhesabu, zile kasoro bilioni mbili mara mbili zingezidi kisanduku, zikazunguka na kurudi sifuri. Jumla ingetoka inaonekana safi, hakuna ambaye angecheka, na hao wawili wangekosa chanjo kimyakimya. Kilichotuokoa ni kwamba mjomba alikuwa peke yake.)

Nikaenda kwa Daktari nikiwa nimelowa. Nikamuuliza, ile siku, kama ningekuletea jumla bila ya mjomba, ungefanyaje?

"Ningeweka chupa moja juu," akasema huku anapanga dawa. "Huwa naweka kila kijiji. Ndama huzaliwa, wageni huleta wa kwao. Kwani vipi?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Nilipanda gari kwenda Zagayu mwenyewe, bila kutumwa. Mama alidhani naumwa.

Nilimkuta mjomba langoni, jua likiwa linashuka na mifugo inaingia. Nikamsalimia. Hakuitikia mara moja. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu. Wakaisha wote, akashusha pumzi, ndipo akanigeukia na kucheka, "Ng'wana wane, mwanangu, umefukuzwa sebuleni?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa mikono, kwa kuchora chini na kijiti. Kwamba mashine ilikuwa inaweza kukaa na isichokijua. Kwamba ile lugha ya kwanza, R, ilijua kabisa kuwa haijui, ikasimama mlangoni kukataa, mimi ndiye nikaiambia ipishe. Kwamba hakukuwa na haja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakoroga ugoro.

"Sasa hilo unaniletea la nini? Niwahesabu kinyumenyume mpaka wafutike?"

Nilitaka kucheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Akaendelea kwa upole, kama ananifariji mimi:

"Nilikuwa nikisimama hapa nawaona. Sasa nikisimama hapa naisikia ile namba. Asubuhi naitafuta, jioni naitafuta. Ikitimia nalala, isipotimia natoka na tochi. Siku nyingine imetimia na bado sijui Karani yuko upande gani." Akafunga lango. "Si kitu. Watu wote wanaishi hivyo."

Nilikula, nikalala, asubuhi nikarudi Bariadi. Hajawahi kunilaumu, hata kwa utani, na mjomba wangu hutania watu hadi makaburini. Hilo la kutonitania ndilo linaloniuma.

Miaka imepita. Mkoa tumepata, barabara ipo, mimi bado niko sebuleni ila sasa kazi za data zinanifuata huku huku. Juzi mjomba alinipigia simu. Ng'ombe wake mmoja amekufa, uzee tu, hakuna ugonjwa.

Nikasema pole mjomba, nikangoja.

"Wamebaki thelathini na mmoja," akasema.

Nikangoja tena. Hakunitajia ni yupi. Na mimi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza, maana niliogopa angelazimika kufikiri kwanza ndipo amkumbuke.

Nilichojifunza ni hiki, kwa vijana mnaounganisha lugha na lugha. Mkikuta kitu kimesimama mlangoni kinakataa kupitisha data, msikimbilie kukinyamazisha. Kiulizeni kwanza kinamlinda nani. Na mtu asiyejua kompyuta akikuuliza swali kuhusu mashine yako, usimjibu "haiwezi" kama ukweli ni "sijui".

Wataalamu wa R na C njooni mnirekebishe nilipokosea kiufundi, najua mtanirarua, karibuni. Na wafugaji mliomo humu ambao bado hamjawahesabu, msiniwekee idadi. Niandikieni majina yao tu, na jinsi walivyofika zizini. Nitasoma yote, muda ninao.